Staa Alifuata Land Rover ya Mzee kwa Bei ya Chuma Chakavu, Kumbe Ugonjwa Ulikuwa Raba Tu

Najua wengi mmeingia hapa mkitegemea kusikia nani kamwacha nani na nani kaonekana wapi na nani. Tulieni, staa yupo kwenye hii stori. Ni msanii wa kiume, mkubwa tu, nyimbo zake mnazicheza kwenye sherehe zenu kila wikiendi. Jina silitoi hata mnibane vipi. Alikuja nyumbani kwetu kama mgeni, akala chakula cha mama, na mgeni aliyekula kwako huwezi kumtangaza. Kisieni mnavyotaka, mimi nimetulia kama maji mtungini.

Ila kabla ya staa kuna klachi. Ndiyo, klachi ya gari. Bila klachi hakuna stori, kwa hiyo nivumilieni nyie mnaoendesha gari za kuweka D na kuondoka.

Gari yenyewe

Kwetu ni Usa River. Ukitoka Arusha mjini unashika barabara ya Moshi, Mlima Meru unao kushoto kwako, unapita Tengeru, umefika. Mzee wangu ana Land Rover 110 ya dizeli, zile za zamani, kabla kiwanda hakijaanza kuziita Defender mwaka 1990. Ameiendesha miaka zaidi ya ishirini. Inapanda Ngurdoto, inakata ile barabara inayopita hifadhini, inatokea Ngarenanyuki upande wa pili wa mlima, inarudi na matenga ya nyanya. Mengine yanashuka soko la Tengeru, mengine yanaenda Kilombero mjini. Chalii wa Chuga unayekula chipsi kachumbari saa sita usiku, inawezekana kabisa nyanya yako imeshawahi kupanda gari yetu.

Gari hiyo imenisomesha mpaka kidato cha nne. Imejenga nyumba tunayolala. Imebeba maharusi, imewahisha wajawazito hospitali, imebeba na majeneza. Pale mtaani hawasemi "nyumbani kwa mzee fulani", wanasema "pale kwenye Land Rover".

Februari 2024 Mzee akapata kiharusi. Tunamshukuru Mungu aliamka, anaongea vizuri, akili iko palepale. Ila upande wa kushoto ndio uliopigwa. Mkono unarudi polepole, mguu bado mzito, anatembea na fimbo. Wanaojua gari za gia wameshanielewa: mguu wa kushoto ndio wa klachi. Yaani kati ya viungo vyote vya mwili wake, kilichogoma ndicho anachokihitaji ili aendeshe. Tukatafuta dereva, kijana mmoja mstaarabu, kazi ikaendelea, na Mzee akawa mtu wa kukaa kwenye kigoda nje akisubiri kusikia mlio wa injini ukipanda barabarani.

Pedeli ikalala

Mei 2025, mvua za masika zinaishia ishia, dereva akaanza kulalamika. Gia zinagoma, hasa namba moja na rivasi. Rivasi ukiipeleka inakwaruza mpaka meno yanauma. Akikanyaga klachi mara mbili tatu haraka haraka, inaingia. Tukasema tutaiangalia mwisho wa wiki.

Jumatano anashuka na mzigo, maeneo ya Ngurdoto, pedeli ikaenda chini moja kwa moja na haikurudi. Imelala sakafuni kama mlevi.

Sasa madereva wa zamani wana ujanja wao. Unazima injini, unaweka gia namba moja, unapiga stata. Gari inaondoka na stata yenyewe, inaruka kama punda aliyechapwa, injini inawaka mkiwa mnatembea. Kubadilisha gia unasikiliza mlio wa injini, unaachia mafuta, unavuta gia ikiwa laini. Dereva wetu aliifikisha nyumbani hivyo hivyo na nyanya zote. Usijaribu hiyo kitu kwenye foleni ya mjini, utawaparamia watu. Hapo ilikuwa barabara ya vumbi, saa kumi jioni, hamna mtu.

Kesho yake akaja fundi mmoja. Akapanda, akakanyaga pedeli mara tatu, akatikisa gia, akashuka akijifuta mikono. "Klachi pleti imekwisha hiyo. Gia boksi lazima ishuke. Pleti, presha pleti, beringi, na ufundi wangu, andaeni laki tisa na nusu."

Laki tisa na nusu! Nyumba ina mtu wa mazoezi ya viungo kila wiki, ina mkopo wa mama wa vikoba, na gari ndiyo imesimama.

Hapo ndipo staa anapoingia

Mnakumbuka lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024, mji mzima ulivyojaa, gari zaidi ya elfu moja zikiandamana Chuga? Tangu siku ile Land Rover kuukuu zimekuwa fasheni. Watu waliokuwa wanazicheka sasa wanazitafuta, wazipake rangi, wazipige taa za kutisha, wapige nazo picha. Staa wetu naye alikuwa anatafuta ya kwake, kwa ajili ya video na kwa ajili ya kutamba mjini. Mtu akamwambia kuna moja Usa River, mwenyewe mgonjwa, gari mbovu.

Meneja wake akapiga simu Alhamisi hiyo hiyo jioni. Milioni mbili taslimu, kama ilivyo. Jumapili wanakuja na hela mkononi na gari ya kuivuta.

Kaka yangu mkubwa yuko Dar. Tukampigia, simu ikawekwa sauti ya juu mezani ili wote tusikie. Kaka hakupepesa. "Uzeni. Gari haina klachi, Mzee mwenyewe hawezi tena kuiendesha, mnaiweka ya nini hapo uani? Ifuge kuku?"

Mzee alikuwa amekaa palepale, mita moja kutoka kwenye simu. Hakusema neno. Alichukua fimbo yake akatoka nje. Mama aliitazama ile simu kama vile ndiyo iliyokosea.

"Mama, lete tochi"

Mzee huwa ananiita mama, nimerithi jina la mama yake. Giza lilikuwa limeshaingia, na baridi ya Meru mnaijua, nikamsikia anaita kutoka uani: "Mama, lete tochi."

Nikamkuta amesimama mbele ya Land Rover ameegemea bampa. Akaniambia fungua boneti. Upande wa dereva, karibu na kifaa cha breki, kuna kikopo kidogo chenye kifuniko cha kuzungusha. "Fungua hicho." Nikafungua, nikamulika. Kikopo kilikuwa karibu kikavu, na kilichobaki chini kilikuwa cheusi kama kahawa ya mchana.

"Sasa nenda ndani, shika zulia chini ya pedeli ya klachi."

Nikashika. Limelowa, linateleza. Nikarudi na vidole, akavinusa.

"Haya ni mafuta ya breki. Niambie, klachi pleti inatoa mafuta ya breki tangu lini?"

Nilimwangalia usoni. Kwa mara ya kwanza tangu augue, niliona ile sura yake ya barabarani.

Hii klachi inafanyaje kazi

Acha niwaeleze alivyonieleza yeye, palepale na tochi mdomoni mwangu.

Kuna klachi za waya na klachi za mafuta. Ya waya ni kama breki ya baiskeli: unavuta huku, inavutika kule. Ya mafuta ina silinda mbili. Ya juu iko kwenye pedeli, ya chini iko ubavuni mwa nyumba ya klachi, pale injini inapokutana na gia boksi. Katikati kuna mrija uliojaa mafuta ya breki. Ukikanyaga, silinda ya juu inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma pistoni ya silinda ya chini, pistoni inasukuma ufito, ufito unasukuma uma wa klachi, klachi inaachia, gia inaingia.

Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, jaza maji, ziba mdomo kwa kidole, sukuma. Halisogei. Sasa toa maji, liache na hewa, ziba tena, sukuma. Linabonyea, sivyo? Ndiyo hivyo hivyo. Mafuta hayabonyei, hewa inabonyea. Mafuta yakipungua hewa ikaingia, unakanyaga mpaka chini lakini nguvu yako yote inaishia kuibana hewa. Huko chini hakuna kinachosogea.

Na kinachozuia mafuta yasivuje ni vile viraba vidogo kwenye pistoni. Raba ikichakaa, mafuta yanatoka, hewa inaingia, wewe unaambiwa gia boksi ishuke.

Mzee akanipa na namna ya kutofautisha. Hii iandikeni mahali:

Pedeli ikiwa laini, na ukipampu mara kadhaa gia inakubali kuingia, shuku mafuta, hewa au raba.

Pedeli ikiwa ngumu kama kawaida lakini gia bado zinakwaruza, hapo ndiyo ugonjwa unaweza kuwa ndani, kwenye uma, beringi au presha pleti.

Injini ikinguruma lakini gari haivuti, hasa mlimani, tena unasikia harufu ya kuungua, hapo ndiyo klachi pleti inateleza. Hiyo kweli gia boksi itashuka.

Yetu ilikuwa ya kwanza. Haikuhitaji hata darubini.

Ijumaa: spana

Asubuhi nilivaa ovaroli ya Mzee, nikakunja miguu mara tatu. Mzee kwenye kigoda, mimi na dereva kwenye kazi. Tukaweka mawe makubwa kwenye matairi mbele na nyuma. Land Rover ipo juu, unaingia chini bila jeki, ila Mzee hakutaka kusikia habari ya mtu kulala chini ya gari isiyo na mawe.

Silinda ya juu haitoki peke yake. Imefungwa ndani ya boksi la pedeli, kwa hiyo unafungua mrija kwanza, kisha boliti sita zinazoshika boksi kwenye ukuta wa mbele, unalitoa zima na pedeli yake. Boliti mbili zilikuwa zimeshika kutu. Tukazipaka dizeli, tukanywa chai, tukarudi, zikakubali.

Ya chini ina boliti mbili tu, lakini hapo ndipo Mzee alisimama na fimbo yake akaja kuinama kabisa. "Vuta silinda taratibu. Ule ufito uache ulipo, usiuchomoe kwenye uma. Ukichomoka kule ndani, hiyo laki tisa na nusu tutaitafuta kweli." Dereva alishika ufito kwa vidole viwili, mimi nikavuta silinda milimita kwa milimita. Ikatoka, ufito ukabaki. Nilisikia Mzee anashusha pumzi.

Tukazifungua zote mbili juu ya meza ya kukaushia vyombo, mama ananung'unika. Raba ya silinda ya juu mdomo wake ulikuwa umelika, umelegea kama kola ya shati kuukuu. Ya chini ilikuwa imejaa tope jeusi. Tukazisafisha kwa mafuta ya breki yenyewe. Petroli na dizeli ni marufuku hapo, zinavimbisha raba. Kisha Mzee akaniambia pitisha ukucha ndani ya silinda. Ya juu ilikuwa laini kama glasi. Ya chini ukucha ukakwama: kulikuwa na mkwaruzo wa kutu. "Hiyo hata uweke raba ya dhahabu itavuja. Ya juu nunua raba, ya chini nunua nzima."

Nikafunga silinda zote mbili kwenye gazeti, nikaweka kwenye mkoba, nikapanda kifodi mpaka mjini. Sampuli ya zamani usiiache nyumbani hata siku moja, maana Land Rover zimebadilishwa badilishwa vitu mpaka huwezi kujua kwa mwaka wa gari peke yake.

Duka la kwanza muuzaji aliniangalia kucha (nilikuwa nimezipaka za kijani) akaniuliza, "Dada, umetumwa na nani? Mwambie mwenye gari aje." Nikamjibu mwenye gari ni mimi, nikatoka. Duka la pili mama mmoja mtu mzima, miwani puani, alichukua silinda yangu, akaigeuza, akapima mdomo wake kwa kifaa, akaniletea kiti ya raba na silinda ya chini ndani ya dakika tano. Akaniuliza gari ya nani. Nilipomwambia, akasema "msalimie sana baba".

Kiti ya raba, silinda moja, chupa mbili za mafuta ya breki ya DOT 4 zilizofungwa kabisa, na nauli ya kwenda na kurudi: laki moja kasoro.

Jumamosi: kutoa upepo

Kuunganisha ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Raba unazilowesha kwenye mafuta ya breki kwanza, mdomo wake mpana unaangalia kule mafuta yanakosukumwa, pistoni inaingia bila kulazimishwa, unafunga na pete yake. Hakuna grisi. Boksi likarudi, silinda ya chini ikarudi, ufito ukaingia mahali pake.

Ngoma ikabaki kutoa upepo. Hii kazi inataka watu wawili, mmoja kwenye pedeli, mmoja chini kwenye nipo ya silinda. Na huyo wa kwenye pedeli lazima awe anajua kusikiliza, maana akiachia pedeli kabla nipo haijafungwa, hewa inanyonywa ndani na mnaanza upya. Dereva wetu alikuwa ameitwa msibani Tengeru. Mama alisema yeye na gari ni kupanda na kushuka tu.

Mzee akasema, "Nipandisheni."

Nikamwita jirani, tukamshika mmoja huku mmoja kule. Siti ya Land Rover ni ndefu, mnaijua. Alipofika juu alikaa kwanza kimya, mkono wa kulia kwenye usukani. Mwaka mmoja na miezi mitatu alikuwa hajakaa pale. Kisha akauvuka mguu wake wa kulia kwenda kushoto, akauweka juu ya pedeli ya klachi.

"Wa kushoto umepumzika," akasema. "Huu nao si mguu?"

Gari ikiwa imesimama, pedeli haijui inakanyagwa na mguu upi. Nikalala chini, mrija mweupe kwenye nipo, upande wa pili umezamishwa kwenye chupa yenye mafuta kidogo.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Fungua. Mapovu yanatoka kama soda iliyotikiswa. Funga.

"Achia."

"Nimeachia."

Hivyo hivyo, mara ishirini, thelathini. Kila mara tano natoka kujaza kikopo cha juu kisije kikakauka. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia kelele za nini, akamwona mume wake nyuma ya usukani. Alisimama hapo kidogo. Hakusema kitu, akarudi ndani, na baadaye nikasikia anaimba pambio.

Saa nzima ikapita, pedeli ikaja nusu tu. Mapovu yameisha lakini nusu. Mzee akacheka. "Kuna hewa imejificha kwenye silinda ya chini. Hizi ndiyo zao." Akaniambia nifungue zile boliti mbili tena, silinda itoke ikiwa bado na mrija wake, niishike nipo ikiangalia juu, halafu nisukume pistoni ndani polepole kwa kidole gumba. Kifuniko cha kikopo cha juu kiwe wazi. Na wakati huo asiguse mtu pedeli, pistoni itaruka nje.

Nikasukuma. Akiwa kule juu na dirisha wazi, akamwambia jirani achungulie kikopo. Jirani akapiga kelele: "Yanatoka! Mapovu yanatoka huku!" Tukarudia mara tatu, mpaka yakaisha. Nikafunga silinda.

Mzee akakanyaga mara moja. Nilikuwa bado chini, nikauona ufito unasogea wote, unasukuma uma kama inavyotakiwa. Akawasha injini mwenyewe, akakanyaga klachi, akahesabu tatu, akapeleka rivasi. Haikutoa hata mlio.

Hakuiendesha, wala hakujaribu. Alizima, akatulia pale kwenye siti mpaka giza likaingia, na hakuna aliyemwambia ashuke.

Jumapili

Staa alifika saa saba. Gari yake ya kifahari ilikwangua tumbo kwenye barabara yetu mpaka nikaionea huruma. Mtu mwenyewe ana heshima, niwe mkweli. "Shikamoo mzee," akainama kabisa. Akala ndizi na maharage, akaomba aongezwe. Meneja ndiye alikuwa na haraka, anazunguka gari anapiga teke matairi, anasema chuma chakavu hiki, kwa kweli tunawasaidia tu.

Mzee akamwambia staa, "Panda uwashe."

Meneja akashangaa, si mbovu? Staa akapanda. Ikawaka. Akaachia klachi, ikazima. Akawasha, ikaruka, ikazima. Mara ya tatu ikazima mpaka kuku wakakimbia. Wadau, huyu ni mtu ambaye kila video yake ana gari! Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamwelekeza kutoka kwenye kigoda: achia taratibu, ukisikia inatetemeka tulia hapo, sasa ongeza mafuta. Mara ya nne ikatoka, ikazunguka mpaka barabarani na kurudi, staa anapiga honi kama mtoto.

Aliposhuka akapandisha dau mwenyewe. Milioni saba. Kaka yangu alikuwa kwenye simu, nikamsikia anasema, "Chukueni hiyo hela!"

Niwaambie ukweli, kaka hakuwa mjinga. Milioni saba ni mazoezi ya Mzee ya muda mrefu. Ni mkopo wa mama kwisha. Land Rover inakula mafuta, inavuja hapa na pale, na leo ni klachi, kesho itakuwa kitu kingine. Kila alichosema kilikuwa na hesabu nzuri. Mama mwenyewe alikuwa anaangalia chini.

Mzee akasema, "Kijana, siuzi. Ukitaka kuipigia video ipo, unalipa kwa siku, na dereva ni wangu."

Staa akakubali. Walipiga siku mbili kule njia ya Momela, malipo yakatoka yote. Kaka alikaa wiki mbili hajapiga simu. Siku alipotuma ujumbe, haukuwa na salamu, uliandikwa: "Klachi inaendeleaje?" Nikamjibu inaendelea. Akatuma elfu hamsini ya mazoezi ya Mzee.

Kwako wewe mwenye gari kuukuu nyumbani

Kabla hujakubali gia boksi ishuke, fungua kikopo cha mafuta ya klachi na ushike zulia chini ya pedeli. Ni bure. Gari nyingine klachi na breki zinatumia kikopo kimoja, hivyo mafuta yakipungua ni hatari zaidi ya unavyodhani.

Soma kifuniko au kitabu cha gari, weka mafuta yaliyoandikwa hapo. Usiweke oili ya injini wala mafuta ya usukani, yataharibu kila raba iliyomo.

Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani. Chupa iliyokaa wazi tangu mwaka jana, achana nayo.

Yakimwagika kwenye rangi ya gari yamwagie maji haraka, yanaibandua. Yakiingia machoni osha kwa maji mengi, nenda hospitali.

Mafuta machafu usiyahifadhi kwenye chupa ya soda. Nyumba ina watoto, na ni sumu. Wala usimwage mfereji wa Themi, watu wanamwagilia mboga.

Fundi mzuri hakasiriki ukimwomba akuonyeshe kilichoharibika. Akikasirika, mshukuru kwa muda wake, tafuta mwingine.

Mimi siku hizi kila Jumapili nafungua kikopo. Mstari wa mafuta uko palepale tulipouacha Mei, na Mzee kila mara ananiuliza kama hajaniona nikiangalia. Nanyi mliopo kwenye nafasi kama yetu, mzazi mgonjwa na kitu chake cha thamani uani: milioni saba mezani, ungeuza au ungeacha? Semeni ukweli hapo chini, na jina la staa msilitaje.